Bwana Harusi Anaomba Kamera

Kwa aliyedandia leo nitasema haraka haraka, maana mwenzenu hata pumzi sina.

Mimi ni Kumushai. Mdogo wangu Saikal, mwanafunzi wa uuguzi, alitupwa ndani ya gari mchana kweupe na Mederbek, mwanamume aliyemwomba namba ya simu mara moja tu akanyimwa. Wakampeleka kwao Talas. Wanawake wa nyumba ile wakahangaika kumfunika mtandio mweupe, maana ukishatulia kichwani wewe ni mke wa mtu. Saikal akautupa. Wakaurudisha. Akautupa tena. Nilimtoa mle ndani kwa njia niliyokwisha kuwasimulia, nikamfikisha Bishkek amevaa viatu vya mtu mwingine, kimoja kinambana na kingine kinampwaya.

Nikaenda polisi. Askari akanikaribisha chai, akasema mambo ya familia huyamaliza wenye familia.

Nikampigia mama. Mama akasema lile ambalo mama zetu wote husema: "Jiwe ni zito palepale lilipoangukia. Mrudishe kwa mumewe."

Saikal aliponiuliza mama amesemaje, nilimdanganya. Nilimwambia, "Mama analia tu. Anasema yuko upande wako." Nilitaka mtoto wa watu apate usingizi, na kweli alilala.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye geti la uwanja wa farasi, siku ya fainali ya kok-boru, ule mchezo wetu wa wapanda farasi kugombea mzoga wa mbuzi, Saikal akinibana mkono na kuninong'oneza, "Dada, lile gari."

Lilikuwa lenyewe. Gari jeupe la Mederbek, utepe mwekundu wa harusi bado umefungwa kwenye kioo cha pembeni. Ndani hapakuwa na mtu.

"Turudi," Saikal akasema.

"Turudi wapi? Kwangu wanapajua. Chuoni wanapajua. Humu ndani kuna watu elfu ishirini."

"Na yeye ni mmoja wao."

"Basi akutafute mpaka macho yamtoke. Mechi ikiisha tunaondoka na gari letu la kurushia matangazo. Limekodiwa Almaty na linarudi Almaty jioni hii hii. Bosi wangu kakubali. Ukishavuka mpaka, huyo Mederbek ataoa farasi wake."

Akacheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka, naomba mlikumbuke hilo.

Nikamkalisha jukwaa la mashariki, safu ya juu kabisa, katikati ya kina mama wa Naryn waliokuja na vikapu vyao vya chakula. Nikamvalisha koti langu la bluu, nikamvuta kofia mpaka kwenye nyusi. Nikakimbilia kazini.

Kazi yangu ndiyo iliyoniponza, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Ukiingia uwanja ule unaandika namba yako ya simu kwenye programu yetu, na simu yako inageuka televisheni yako mwenyewe. Farasi wamegombea mzoga wa mbuzi na wewe jirani kakuziba na kofia? Unarudisha picha. Unataka kuona kutokea nyuma ya goli? Unachagua kamera. Farasi bora unampigia kura. Na mwaka huu tuliongeza jambo jipya: unachagua jukwaa lolote, kamera ya watazamaji inageuka, inapita safu kwa safu, nawe kwenye simu yako unamtafuta rafiki yako umpungie mkono. Ukitaka kumwona mtu vizuri unabonyeza "karibu", na uso wake unajaa kioo.

Maombi yote hupita kwangu. Mimi ndiye wa kusema ndiyo au hapana.

Asubuhi ile, kabla sijaenda kumchukua Saikal, kitu cha kwanza nilichofanya nilipowasha mitambo ni kuifungia namba ya Mederbek. Nikajiona mjanja kweli kweli!

"Mbona uso wako kama umekula sambusa ya juzi?" akaniuliza bosi, kaka Ularbek, nilipoingia garini. Alikuwa kaketi mbele ya ukuta wake wa skrini, hedifoni shingoni.

"Yumo humu, kaka."

Hakuuliza nani. Alikuwa anaijua habari yote. Akafunga mlango wa gari kwa komeo, akarudi kukaa.

"Mechi si ndefu," akasema. "Wewe fanya kazi. Ukianza kutetemeka na kamera zitatetemeka."

Filimbi ikalia. Farasi wakarushwa mbele, vumbi likapanda, uwanja ukanguruma. Maombi yakaanza kumiminika. Watu wetu wanapenda kujiita majina ya ajabu ajabu. Farasi wa Babu anaomba marudio. Mjane wa Furaha anaomba kamera ya goli. Mimi nabonyeza tu, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Bwana Harusi anaomba: jukwaa la magharibi.

Ndiyo.

Sikufikiria lolote. Siku za fainali mabwana harusi ni wengi, na walevi pia.

Bwana Harusi anaomba: magharibi, safu za juu.

Ndiyo.

Bwana Harusi anaomba: kaskazini, safu za chini.

Hapo mkono ukasita. Goli lilikuwa limeingia muda ule ule, uwanja mzima unaomba marudio, na mtu huyu mmoja hana habari na goli.

Nikaifungua picha yake nione anachokiona. Kamera ilikuwa inapita polepole juu ya nyuso. Wazee, hapana. Watoto, hapana. Kisha akabonyeza "karibu". Uso wa msichana ukajaa skrini yangu, msichana aliyesuka nywele mikia miwili. Akamwacha. Akasogea. "Karibu" tena. Msichana mwingine, mwenye koti la bluu. Huyu akamtazama kwa muda mrefu, mpaka yule binti akageuka kumsemesha mwenzake.

Mtu alikuwa anamtafuta mdogo wangu uso kwa uso, na kamera za kumtafutia nilikuwa nampa mimi.

Nikampigia Saikal.

"Uko wapi?"

"Si hapa ulipoliweka furushi lako? Dada, hawa mama wamenishindilia maandazi mpaka nakaribia kupasuka. Mmoja ananitafutia mchumba. Mwanawe ni daktari wa ng'ombe."

"Saikal, inama. Jifanye umeangusha kitu."

"Kuna nini?"

"Inama kwanza, maswali baadaye!"

Nikasikia kishindo cha vikapu, na sauti ya mwanamke ikiuliza, "Umepoteza nini, mwanangu?" Kisha Saikal akarudi hewani, anaongea kwa sauti ya chini sana.

"Ameniona?"

"Bado. Unaweza kushuka kwa ngazi ya nyuma uje kwenye gari?"

"Ngazini yupo kaka yake Mederbek. Yule wa jino la dhahabu. Amesimama anatafuna mbegu za alizeti, anamtazama kila anayeshuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mechi ianze. Sikutaka kukutia hofu. Dada, mama angekuwepo hapa angemzaba makofi yule."

"Ee," nikasema. "Angemzaba."

Bwana Harusi anaomba: kaskazini, safu za juu.

Baada ya kaskazini inakuja mashariki. Mtoto mdogo angejua hivyo.

Ningemkatalia yeye peke yake, mtasema. Nilijaribu. Namba haifungiki tena mechi ikishaanza, kwa hiyo nikabonyeza hapana, na papo hapo likaja ombi lingine, na lingine, na lingine, mpaka mitambo ikaanza kukwama. Ndipo akili ikanijia, au niseme ikanitoka. Nikalifunga jukwaa lote la mashariki. Kila aliyeliomba, awe mlevi au mjane, alijibiwa maandishi mafupi: Kamera ya upande huu haipatikani.

Maombi ya Bwana Harusi yakakoma.

Yakakoma kabisa. Nikaegemea kiti, nikavuta pumzi. Nikamwambia Saikal ainuke ale maandazi yake. Niliona nimeshinda.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Ularbek akavua hedifoni, akaja kunywa maji, macho yake yakatua kwenye skrini yangu. Chupa ikabaki njiani.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimefunga mashariki."

"Yote?"

"Yote. Asione kitu."

"Kumushai." Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulioniogopesha. "Magharibi ulimwonyesha. Kaskazini ulimwonyesha. Kusini ipo wazi mpaka sasa. Umefunga sehemu moja tu katika uwanja mzima. Yeye anajua wewe ndiye mwenye funguo. Sasa hapo hajajua pa kwenda?"

Nilimchorea ramani kwa mkono wangu mwenyewe.

Chini ya kila ombi tuliacha nafasi ya kuandika salamu. Taa yake ikawaka. Bwana Harusi hakuomba kamera safari hii. Aliandika maneno mawili.

"Asante, shemeji."

"Fungua mashariki!" nikapiga kelele, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyefunga. Nikaifungua mwenyewe. "Kaka, nitafutie alipo. Simu yake si imeshika mtandao wetu? Mnara upi?"

"Nipe namba."

Nikafungua jina la Bwana Harusi kuona namba iliyojificha nyuma yake.

Nilitegemea namba ya kaka yake. Au ya rafiki yake. Ile ya Mederbek nilishaifungia, kwa hiyo lazima aliazima simu ya mtu.

Aliazima kweli.

Namba ile naijua tangu nikiwa shule. Niliikariri siku ya kwanza niliyotumwa dukani peke yangu, nikipotea niwatajie watu. Ilikuwa namba ya mama.

"Kumushai? Nisomee namba."

Sikuweza. Nilinyoosha kidole tu. Ularbek akageuza kamera ya mashariki kwenye mlango wa ngazi, na hapo nikamwona.

Mama alikuwa amevaa koti lake la sherehe, lile la kola ya manyoya. Kaka mtu mwenye jino la dhahabu akatupa mbegu zake chini, akafuta mikono, akampisha kwa heshima zote. Nyuma ya mama akapanda Mederbek. Alikuwa amembebea mkoba wake, kama mkwe mwema anavyopaswa kufanya.

Kwenye mkono wa mama, umekunjwa vizuri, ulikuwepo mtandio mweupe.

Kumbe Mederbek hakuwa akizitazama zile nyuso peke yake. Alikaa karibu na mtu asiyeweza kuukosea uso wa Saikal hata ungefunikwa kofia kumi. Kila "karibu" iliyobonyezwa, mama alitazama akasema si huyu. Si huyu. Si huyu.

Mungu wangu, mama!

Nikapiga simu. Ikaita. Saikal akapokea akiwa anahema kwa furaha.

"Dada! Mama amekuja!"

"Saikal, nisikilize..."

"Namwona! Yuko kwenye ngazi, ananitafuta! Ulisema yuko upande wangu, mimi nikajua unanipoza tu. Nisamehe, dada."

"Saikal, nilikudanganya! Usiende!"

Lakini muziki wa mapumziko ulikuwa umefunguliwa, spika zote za uwanja zinapiga, na yeye alikuwa ameshaishusha simu sikioni. Hakuikata. Nikaisikia ikisuguana na kitambaa cha koti langu alilovaa. Kwenye skrini nikamwona akivua kofia ili mama amtambue, akipenya katikati ya kina mama wa Naryn, akipunga mikono yote miwili.

Mederbek alibaki nyuma ya mgongo wa mama. Saikal hakumwona.

Nikasikia kupitia simu, "Mama! Mama!" Kisha sauti ya mama, ile ya kubembelezea watoto wenye homa. "Nipo, kipenzi changu. Nipo. Njoo."

Wakakumbatiana. Nilijikuta nalia. Kwa nukta chache nilitaka kuamini kwamba uongo wangu umegeuka kweli.

"Mama, hiki nini?" Saikal akauliza.

"Tulia, mwanangu."

"Mama, hiki nini?"

"Tulia. Watu wanatazama."

Hapo wazo likanipiga. Watu wanatazama! Mtu kama Mederbek ana nguvu ndani ya gari lenye vioo vyeusi, ana nguvu ndani ya nyumba ya kwao. Mbele ya uwanja mzima atathubutu nini? Nikamshika Ularbek bega.

"Weka picha hii kwenye skrini kubwa. Na kwenye simu zote."

"Una hakika?"

"Waone wote anachofanyiwa!"

"Kumushai, fikiri kwanza. Wao watakachokiona..."

"Weka, kaka, nakuomba!"

Hakuweka. Alitazama chini. Kitufe kilikuwa mbele yangu, nikabonyeza mwenyewe.

Muziki ukakatika. Kwenye skrini kubwa, ndefu kama ghorofa, akatokea mdogo wangu. Simu zote uwanjani, zilizokuwa zikionyesha farasi na magoli, zikaonyesha yeye. Mama amemshika mabega. Mtandio mweupe uko kichwani. Nyuma yao kijana mtanashati amebeba mkoba wa mama mkwe, ameinamisha kichwa kwa adabu. Machozi yanamtiririka Saikal mashavuni.

Uwanja ukawa kimya. Nikasema kimoyomoyo, sasa. Sasa watapiga kelele za hasira. Sasa kuna mwanaume mmoja atasimama.

Wakasimama wote.

Wakapiga makofi!

Kofia nyeupe zikarushwa juu. Miluzi ikapigwa. Nani katika nchi yetu asiyejua bibi harusi hulia? Bibi yangu alilia, mama yangu alilia, na watu walipiga makofi vivyo hivyo. Kwenye skrini yangu salamu zikaanza kumwagika kwa mamia. Hongereni! Mzae watoto wengi! Mama mkwe kapata kijana! Na mioyo, mioyo myekundu ikipanda juu ya uso wa Saikal mpaka ikamfunika macho.

Wale kina mama wa Naryn waliompa maandazi wakampisha njia. Mmoja akampangusa machozi na kumsukuma mgongoni kwa mapenzi, ashuke kwa mumewe. Nadhani alikuwa yule mama wa daktari wa ng'ombe.

Saikal akainua uso. Hakumtazama mama wala Mederbek. Alitazama moja kwa moja kwenye kamera, alikojua nipo.

"Zima!" nikamwambia Ularbek. "Zima, zima!"

"Nikizima sasa watatoka naye gizani," akasema. "Angalau wakiwa kwenye skrini tunajua wako wapi." Mikono yake ilikuwa inatetemeka, yeye aliyenikataza kutetemeka.

Mederbek akamshika Saikal kiwiko. Kwa upole kabisa, watu wanaona. Wakaanza kushuka ngazi. Mwenye jino la dhahabu alikuwa ameshafungua njia mpaka chini, na kila waliyempita alimpa Mederbek mkono wa pongezi. Kutoka pale hadi lile gari jeupe ni mwendo mfupi tu. Na mdogo wangu hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akitembea kama mtu aliyekwisha kulala, mtandio umetulia kichwani.

Hedifoni ya Ularbek ikakoroma juu ya meza. Akaivaa, akasikiliza, akanigeukia, uso umempauka.

"Mtangazaji wa uwanja," akasema. "Anataka jina la bibi harusi. Anataka amtangaze, uwanja umpongeze kwa jina kabla hawajatoka."

"Amesema nini?"

"Anauliza kama kuna mtu humu anayewafahamu."

Wakabakiza ngazi chache. Kwenye simu yangu, iliyokuwa bado hewani, sikusikia neno. Nilisikia hatua tu, na mama akisema, "Taratibu, usijikwae."

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Mwambie kuna mtu anayewafahamu. Aniunganishe na spika za uwanja, nitalitaja jina mwenyewe."

"Utasema nini, Kumushai? Yule ni mama yako. Ukishasema mbele ya hawa watu, huna tena kwenu pa kurudi."

Sikujua nitasema nini. Nikamvua hedifoni, nikavuta kipaza sauti karibu na mdomo. Taa nyekundu ikawaka.

Mama, akiwa kwenye ngazi ya mwisho, akasimama na kuinua macho kutazama spika. Kitu cha kwanza ambacho uwanja mzima ulisikia ni mimi nikihema.